Hedifoni au Spika: Ulinganisho kwa Mpenzi wa Muziki Aishiye Uganda

Mpenzi wa muziki aliyejiwekea akiba ya shilingi milioni moja na nusu au mbili, na ambaye hatosheki tena na spika ya simu wala sabufa ya sebuleni, ana njia mbili mbele yake. Anaweza kununua hedifoni nzuri za waya pamoja na kigeuzi kidogo kinachobadili ishara za dijitali kuwa sauti, au anaweza kununua jozi ya spika na amplifaya ya kuziendesha. Katika maduka ya elektroniki ya katikati ya Kampala ataelezwa habari za wati, taa na rangi. Ulinganisho huu unaangalia chumba, umeme na muziki wenyewe, kwa sababu hayo matatu huamua matokeo kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Niseme mapema kwamba kwa wengi wanaoanza ninaegemea upande wa hedifoni, ingawa nyumbani kwangu nina spika na sina nia ya kuziuza.

Tuanze na chumba, kwa kuwa ndicho ambacho wanunuzi wengi hukisahau. Sauti inayomfikia msikilizaji wa spika ni mchanganyiko wa ile iliyotoka moja kwa moja kwenye spika na ile iliyogonga kwanza sakafu, kuta na dari. Nyumba nyingi mpya za pembezoni mwa Kampala, kuanzia Kyaliwajjala hadi Kajjansi, zina sakafu ya vigae, kuta za matofali yaliyopigwa plasta na madirisha mapana ya vioo, na vyote hivyo huirudisha sauti badala ya kuinyonya. Ukipiga kofi moja katikati ya chumba cha aina hiyo kabla ya fanicha kuingia, utasikia mlio mwembamba unaoning'inia hewani kwa muda. Mlio huo huo utaifuata kila "s" ya mwimbaji na kila pigo la matoazi, hata kama spika zimenunuliwa kwa bei ya pikipiki.

Kwa upande wa besi, tatizo ni la vipimo. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba chenye urefu wa mita 4 kina mvumo wake wa kwanza karibu na Hz 43 (yaani mitetemo 43 kwa sekunde), na uzi mnene kabisa wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hulia kwenye Hz 41. Maana yake ni kwamba noti chache za chini zitavimba huku jirani zake zikisikika kwa kiasi. Tena hazitavimba sawasawa kila mahali: aliyeegemeza kiti kwenye ukuta wa nyuma atazipata kwa wingi unaokera, na aliyekaa katikati kabisa ya urefu wa chumba atazikosa. Ndiyo maana ninamshauri kila anayelalamikia besi ya spika zake ahamishe kiti kwanza, nusu mita mbele au nyuma, kabla ya kufikiria amplifaya nyingine. Zulia nene, mapazia mazito, kochi la kitambaa na rafu iliyojaa vitabu husaidia sana kwa sauti za kati na za juu. Mkeka ni mwembamba mno, hunyonya sauti za juu kabisa tu na kuziacha nyingine zikirukaruka. Besi haitibiwi kwa mapazia hata kidogo.

Hedifoni haina ugomvi na vigae. Mtu anayeishi katika vyumba vya kupanga vilivyoshikana ukuta kwa ukuta anaweza kusikiliza saa sita za usiku bila kugongewa mlango, jambo lisilowezekana kwa spika kwa kuwa besi hupenya ukuta wa tofali moja pasipo shida. Mvua nayo ina neno lake: chini ya paa la mabati lisilo na dari, mvua ya Aprili huzima spika yoyote ile, na hata hedifoni za kufunika hupambana nayo kwa taabu.

Kama hoja ingeishia kwenye chumba, basi hedifoni ingeshinda na makala yangekuwa mafupi. Muziki ndio unaoleta mgogoro. Mnamo 1950 na 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wanamuziki wa kasri la Kabaka wa Buganda, wakiwemo wapigaji wa entenga, na rekodi hizo zimetolewa tena katika albamu ya muziki wa kasri za Uganda. Entenga ni seti ya ngoma 15, ambazo 12 kati yake zimesawazishwa noti na hupigwa kwa fimbo ndefu nyembamba zilizopinda. Wapigaji wanne hushika ngoma za wimbo na wawili hushika zile kubwa, na mapigo ya mmoja huingia katika nafasi zilizoachwa na mwingine, kwa utaratibu ule ule unaotumika katika marimba ya amadinda. Kutokana na mpishano huo huzuka nyimbo ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga peke yake. Sikio ndilo linalozikusanya. Kasri lile lilishambuliwa mwaka 1966, wanamuziki wakatawanyika, na ndiyo maana rekodi hizo zina thamani isiyopimika kwa shilingi.

Ukizisikiliza kwa hedifoni nzuri, unasikia fimbo ikigusa ngozi kabla noti haijafunguka, unaweza kumfuata mpigaji wa pili peke yake kwa dakika nzima, na unasikia pia mkwaruzo wa rekodi yenyewe. Hata hivyo rekodi hizo ni za mkondo mmoja, si stirio, na kwa hedifoni kundi zima hubanwa mahali pamoja katikati ya fuvu la kichwa. Ukizicheza kwa spika, na hasa ukitumia spika moja tu badala ya jozi, ngoma zinakaa mbele yako chumbani, na ule wimbo unaozuka hujitokeza wenyewe bila kuutafuta. Kwa maoni yangu hedifoni ni ya kuchambua na spika ni ya kusikia kazi ikiwa imekamilika, na rekodi hii inaonyesha tofauti hiyo kuliko nyingine yoyote ninayoifahamu. Anayetaka kipimo cha kweli na aende kwanza Ndere Centre, kituo cha ngoma za asili jijini Kampala, akae karibu na amadinda ya mbao halisi, halafu ndipo arudi dukani. Asiyejua mti unavyolia atanunua ukali wa sauti za juu akidhani ni uwazi.

Stirio za zamani zina shida nyingine. Katika Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959, saksafoni ya John Coltrane imewekwa upande wa kushoto, ya Cannonball Adderley upande wa kulia, na tarumbeta ya Davis katikati. Kwa spika mgawanyo huo ni wa kupendeza, kwa kuwa kila sikio hupata kidogo cha upande wa pili na wanamuziki hujipanga mbele ya msikilizaji. Kwa hedifoni Coltrane hukaa ndani ya sikio la kushoto na kung'ang'ania hapo, na baada ya upande mmoja wa santuri mtu huanza kuchoka asijue kinachomchosha.

Kinyume chake, albamu ya Exile ya Geoffrey Oryema, iliyotayarishwa na Brian Eno na kutolewa na lebo ya Real World mwaka 1990, ni ya hedifoni, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Oryema aliikimbia Uganda mwaka 1977 baada ya baba yake, aliyekuwa waziri, kuuawa, na katika albamu hiyo sauti yake iko karibu mno na kipaza sauti, huku nyuma yake kukiwa na nafasi pana ya ukimya ambayo sebule yenye friji na jirani mwenye jenereta haiwezi kuihifadhi. Hedifoni zilizo wazi kwa nyuma huonyesha pumzi yake kabla ya mstari, na pia huonyesha jinsi kila noti ya lukeme, ala ya vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, inavyokufa. Spika hukupa wimbo lakini hukunyima pumzi hiyo.

Muziki wa dansi hurudi upande wa spika bila mjadala. Magitaa ya TPOK Jazz katika "Mario" ya mwaka 1985, au saksafoni ya Moses Matovu mbele ya Afrigo Band, yalitengenezwa yasikike na watu wengi waliosimama. Besi inatakiwa iguse tumbo, na hakuna hedifoni inayogusa tumbo la mtu. Kadongo kamu, kwa upande wake, humtia msikilizaji makini katika majaribu: ni mtu, gitaa na kisa kirefu, yaani kitu kinachostahili hedifoni kabisa, lakini nakala nyingi zilizopo zimetoka kwenye kaseti zilizonakiliwa na kunakiliwa tena, na hedifoni nzuri huufichua mchirizo wote wa kaseti pamoja na kuyumba kwa kasi. Hapo spika ndogo yenye sauti laini ni rehema.

Sasa umeme. Uganda hutumia volti 240 na Hz 50, na plagi yenye miguu mitatu bapa kama ya Uingereza. Kwa hiyo amplifaya iliyotumika kutoka Uingereza huchomekwa na kupiga, ilhali iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani inataka volti 120 na ya soko la Japani inataka volti 100. Zote mbili za mwisho zinaweza kuungua kwa sekunde chache zikichomekwa ukutani bila transfoma ya kushusha, na si wauzaji wote wa mitumba wanaolitaja jambo hilo. Geuza kifaa, soma kibandiko cha nyuma kwa macho yako mwenyewe, kisha ndipo muulizane bei. Kwa mashine za kuchezea santuri kuna mtego zaidi: zile zenye mota inayofuata mzunguko wa umeme, zikiwa zimetengenezwa kwa Hz 60, zitazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita hapa kwetu, yaani santuri ya mizunguko 33 na theluthi itazunguka chini ya mara 28 kwa dakika, na mwimbaji wa kike atageuka mzee wa Kanisa. Transfoma hubadili volti tu, haibadili mzunguko, kwa hiyo ni lazima kubadilisha gurudumu dogo la mota au kuiacha mashine hiyo dukani.

Umeme unaopanda na kushuka unahitaji stabilaiza, na nyumba zinazotegemea sola zinahitaji inveta yenye wimbi safi, kwani zile za bei ya chini hutia mvumo katika transfoma ya amplifaya, na mvumo huo husikika waziwazi kati ya nyimbo. Gharama hizi zote ni za upande wa spika. Hedifoni zinazoendeshwa na simu huendelea kupiga umeme ukiwa umekatika, na betri ya simu hailalamiki.

Aliyechagua hedifoni bado ana uamuzi mmoja mkubwa, nao ni kati ya zilizo wazi kwa nyuma na zilizofungwa. Zilizo wazi, kama Sennheiser HD 600 iliyoingia sokoni mwaka 1997 na bado inatengenezwa, hutoa nafasi na utulivu ambao zilizofungwa huukosa, lakini huingiza kila bodaboda inayopita na humwagia aliyeketi kando yako muziki wako wote. Tena HD 600 ina ukinzani wa omu 300, na kigeuzi cha ukubwa wa kidole kinachochomekwa kwenye simu huishiwa nguvu kwenye rekodi za zamani zenye sauti ya chini. Zilizofungwa, kama Beyerdynamic DT 770 Pro, hupunguza kelele za nje na zina matoleo ya omu 32 na 80 ambayo simu huyamudu. Anayeishi kando ya barabara ya lami asijidanganye na sifa za zilizo wazi. Anayeishi ndani kidogo, kwenye kiwanja chenye miti, azichukue. Kwa mfuko mdogo kuna Koss Porta Pro, ambayo umbo lake halijabadilika sana tangu 1984, inaonekana kama kichezeo na inapiga kuliko inavyoonekana.

Za Bluetooth ninazitaja ili kuziweka kando. Hata LDAC, njia ya kutuma muziki kwa Bluetooth iliyo miongoni mwa zile pana, hufikia kilobiti 990 kwa sekunde wakati CD ina 1411, lakini upungufu huo si mkubwa kama wapinzani wake wanavyodai. Kinachonizuia ni betri, ambayo huchoka baada ya miaka michache na mara nyingi haibadilishiki, wakati HD 600 hubadilishwa waya, sifongo za masikio na hata spika zake za ndani.

Kuna hatari moja ambayo wapenzi wa hedifoni hawapendi kuizungumzia. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na ukifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Katika matatu ya kutoka Mukono, mtu huongeza sauti ili kuushinda mngurumo wa injini, na huko ndiko saa hizo nne zinakokwisha kabla ya Ijumaa. Hiyo pia ni hoja ya zilizofungwa.

Upande wa spika, jambo la kwanza ni kuzikimbia namba za wati. Sabufa iliyoandikwa wati 5000 kwa herufi za dhahabu huwa na kibandiko nyuma kinachoonyesha kwamba inakula wati 60 au 80 kutoka ukutani, na hakuna kifaa kinachotoa zaidi ya kinachoingiza. Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 pekee, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa shida, kwa hiyo amplifaya ya wati 40 za kweli inatosha sebule ya kawaida. Sabufa za aina hiyo zina noti moja ya besi ambayo huipiga kwa kila wimbo, iwe ni kidandali au taarabu, na ndiyo sababu watu huzipenda kwenye sherehe.

Kwa chumba kidogo chagua boksi dogo. Shirika la BBC lilipobuni LS3/5A katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, lilitaka spika inayoingia mahali finyu na inayoitendea haki sauti ya binadamu, na boksi hilo lisilozidi urefu wa sentimita 31 bado linasifiwa kwa sauti za waimbaji. Spika za studio zenye amplifaya ndani yake hufuata fikra hiyo hiyo na hupunguza idadi ya vifaa vya kununua, hivyo kwa bajeti niliyoitaja ndizo ninazozipendekeza. Usiziweke juu ya kabati la televisheni. Mafundi seremala wa Nsambya watakutengenezea stendi mbili za mbao nzito kwa kipimo utakachowapa, nawe wape kimo kinachoifikisha spika ndogo ya juu usawa wa sikio lako ukiwa umeketi. Theluthi ya bajeti ya spika iende kwenye stendi, zulia na mapazia. Asiyekubali sharti hilo abaki na hedifoni.

Chanzo cha muziki nitakipitia haraka kwa kuwa hakistahili ugomvi unaofanywa juu yake. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huchukua vipimo 44,100 kwa sekunde kwa biti 16, na hilo linatosha kubeba masafa yote ambayo sikio la binadamu hupata. Kusikiliza kupitia intaneti kwa kilobiti 320 hula takriban megabaiti 144 za bando kwa saa, na mafaili yasiyopunguzwa ubora hula mara mbili au tatu zaidi, hivyo ni busara kuyapakua penye waifai. Santuri ni starehe, ila vumbi jekundu la barabara za murram huingia kwenye mifereji yake na sindano hulitangaza. Zaidi ya aina ya chanzo, angalia toleo: nyimbo tatu za kwanza za Kind of Blue zilitolewa kwa miongo mitatu zikiwa zimepanda kidogo kwa sababu mashine moja ya kurekodia ilienda polepole, na kosa hilo lilirekebishwa katika toleo la 1992. Santuri ya zamani ya bei kubwa ina kosa hilo, na CD ya bei rahisi ya toleo lililorekebishwa haina.

Basi mwanafunzi wa Makerere aliye bwenini, mpangaji wa chumba kimoja, mzazi wa mtoto mchanga na yeyote ambaye umeme wake haueleweki wachukue hedifoni, zilizofungwa ikiwa kuna kelele. Mwenye nyumba yake Bombo au Entebbe, mwenye chumba anachoruhusiwa kukipanga apendavyo na familia inayokaa pamoja jioni, achukue spika, kwa sababu hedifoni humtoa mtu barazani, na mke wa ndugu yangu ameshanieleza kwa upole, "Shemeji, ukivaa hayo madude hatujui kama umetukasirikia."

Siku ya kununua nenda na muziki wako kwenye simu, na usiende na wimbo wa maonyesho bali na ule unaoujua kwa moyo: rekodi moja ya mwimbaji na gitaa, moja ya ngoma, na moja ya bendi nzima. Punguza sauti hadi kiwango cha mazungumzo, kwa maana kifaa kinachopiga vizuri kwa sauti ya chini hakitakuangusha kwa sauti ya juu, na dukani kila kitu hupigwa kwa sauti ya juu makusudi. Muuzaji akikataa kukuachia wimbo mmoja hadi mwisho, duka la pili liko mlango unaofuata.